Mwezi Mwekundu wa Jamaika

Kila nikikutana na stori hii, inasimuliwa kama ujanja wa Columbus. Mimi naisoma kama stori ya njaa.

Juni 1503 alikwama kaskazini mwa Jamaika, mahali ambapo leo panaitwa St. Ann's Bay. Mbao za meli zake mbili zilikuwa zimeliwa na minyoo ya baharini hadi zikavuja kama chujio. Wenyeji, Wataino, waliwalisha kwa miezi, wakipewa shanga na vikorokoro vingine. Halafu karibu nusu ya mabaharia wakaasi, wakawapora walewale waliokuwa wakiwalisha. Wataino wakapunguza chakula. Ningekuwa mimi, ningekata kabisa.

Columbus alikuwa na kitabu cha Regiomontanus, Mjerumani aliyepiga hesabu za kupatwa kwa mwezi miaka mingi kabla. Akawaita wakubwa wao: Mungu wangu amewakasirikia, usiku mtaona. Tarehe 29 Februari 1504 kivuli cha dunia kikaumeza mwezi, ukabaki mwekundu. Yeye akajifungia chumbani melini, eti anawaombea. Alipojua mwanga unakaribia kurudi, akatoka na kutangaza msamaha. Chakula kikarudi.

Hofu ya Wataino tumeisoma kwa kalamu ya Fernando, mwanawe Columbus, aliyekuwepo akiwa kijana. Mtaino hakuulizwa.

Kupatwa kulekule Columbus alikutumia kukadiria umbali wa Jamaika kutoka Cádiz, Uhispania. Akapata tofauti ya masaa 7 na dakika 15. Ukweli ni kwamba hayafiki hata 5. Bwana msoma mbingu bado aliamini yuko Asia.