Uthibitisho Uliosubiri: Pembetatu Zinazofanana na Kanuni ya Pythagoras katika Kitabu cha Euclid

Euclid, katika Stoicheia aliyoiandika yapata mwaka 300 KK, anaithibitisha kanuni ya Pythagoras mara mbili. Hoja ya 47 ya Kitabu cha Kwanza inalinganisha maeneo, kwa njia ndefu yenye mistari mingi ya kusaidia. Hoja ya 31 ya Kitabu cha Sita inatumia pembetatu zinazofanana, nayo ni nyepesi kiasi kwamba mtu hujiuliza kwa nini haikutangulia.

Chukua pembetatu ABC yenye pembe mraba kwenye C, kisha ushushe kimo CD hadi upande AB. Pembetatu ACD na CBD kila moja ina pembe mraba, na ina pembe nyingine ambayo ni ile ile ya pembetatu kubwa. Kwa hiyo zote tatu zinafanana. Uwiano wa AC kwa AB ni sawa na ule wa AD kwa AC, yaani AC² = AB × AD. Vivyo hivyo, BC² = AB × DB. AD na DB zikijumlishwa ni AB yenyewe; basi AC² + BC² = AB².

Ugumu umejificha katika neno uwiano. Uwiano ukielezwa kwa namba kamili pekee, hudai kwamba urefu wowote miwili ina kipimo cha pamoja. Lakini ulalo wa mraba hauna kipimo cha pamoja na upande wake. Aristotle anautaja uthibitisho kwamba, tukidai kipo, namba witiri itakuwa sawa na shufwa. Na ulalo huo ni hipotenusi. Kanuni yenyewe, basi, ndiyo iliyozaa urefu ulioubomoa uthibitisho wake mwepesi.

Nadharia ya uwiano isiyohitaji kipimo cha pamoja, inayonasibishwa na Eudoxus wa Cnidus wa karne ya 4 KK, imo katika Kitabu cha Tano. Euclid aliihitaji kanuni mapema zaidi, kwa kuwa Kitabu cha Pili kinaitegemea. Wanaomlaumu kwa kupenda njia ngumu wanamwonea: njia fupi ilikuwa bado haijapata msingi.

Ilipoupata, ilifika mbali. Hoja ya 31 inahusu maumbo yoyote yanayofanana, si miraba tu, na Proclus, karne ya 5, aliistaajabia kuliko ile ya 47. Thabit ibn Qurra, aliyefariki Baghdad mwaka 901 na aliyesahihisha tafsiri ya Kiarabu ya kitabu hicho, aliliondoa hata sharti la pembe mraba. Kutoka kipeo kimoja alishusha mistari miwili hadi upande wa mkabala, kila mmoja ukikata pembetatu inayofanana na ile kubwa. Pembe ya kipeo hicho ikiwa mraba, mistari hiyo miwili huwa mmoja, nao ni kimo CD.