SANTURI YA NEWPORT NA SHAHIDI WA PILI

Sisi tuliosoma historia shuleni hapa tulifundishwa kwamba waraka ni shahidi, na shahidi hana budi kuhojiwa. Santuri nayo ni waraka. Mfano mzuri ni ile santuri mashuhuri ya jazi iitwayo "Ellington at Newport".

Baada ya Vita Kuu ya Pili, bendi kubwa za jazi huko Marekani zilidhoofika. Kuwalipa wapigaji kumi na watano kila wiki kulikuwa mzigo mzito, na vijana walikwisha geukia muziki mwingine. Nyingi zilivunjika. Duke Ellington, aliyezaliwa mwaka 1899, hakuivunja yake, ila wengi walimwona kuwa mtu wa jana.

Usiku wa tarehe 7 Julai 1956 alipanda jukwaani katika tamasha la Newport, jimbo la Rhode Island. Alichagua "Diminuendo and Crescendo in Blue", muziki wa vipande viwili alioutunga mwaka 1937. Kazi ya kuviunganisha alimwachia mpiga saksafoni Paul Gonsalves. Huyu alipiga mizunguko 27 mfululizo, akishikiliwa na dramu ya Sam Woodyard na besi ya Jimmy Woode. Watu waliokuwa wameanza kuondoka walirudi. Wengine wakasimama juu ya viti, wengine wakacheza. Katika santuri kelele zao husikika zikipanda kama maji ya bamvua. Tarehe 20 Agosti picha ya Ellington ilikuwa kwenye jalada la gazeti la Time, na santuri hiyo ikauzwa kuliko zote alizopata kuzitoa.

Hata hivyo, shahidi huyu hakusema kweli tupu. Gonsalves alielekeza saksafoni yake kwenye kipaza sauti cha redio ya Sauti ya Amerika, si kile cha kampuni ya Columbia iliyokuwa ikirekodi santuri. Ndiyo maana saksafoni ilisikika kwa mbali. Aidha, tarehe 9 Julai bendi iliingia studio ikarudia baadhi ya nyimbo, kisha makofi yakapachikwa. Kwa zaidi ya miaka arobaini wasikilizaji walishangilia pamoja na umati ambao, mahali pengine, haukuwapo.

Kilichookoa historia ni mkanda wa pili. Ule wa redio ulikuwa umehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mafundi waliuoanisha na ule wa Columbia, na mwaka 1999 onyesho lote likatolewa. Saksafoni sasa yasikika karibu na wazi. Sifa ya Gonsalves haikupungua, ilithibitika.

Vijana mliopo shuleni, na sisi tulio maofisini, tuzingatie jambo hili. Yule karani wa maktaba aliyeuweka mkanda rafuni hakujua utahitajiwa lini. Aliutunza tu. Kumbukumbu za shule yetu, picha, daftari za mahudhurio na kanda za kwaya, nazo zinangoja mtunzaji wa namna hiyo.