Kitufe na Kioo: Historia ya Vitenzi vya Kidole Katika Simu

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya kikundi kidogo cha maneno, nayo ni yale yanayomwambia mtu la kufanya kwa kidole chake anapotumia simu: kuzungusha, kubonyeza, kubofya, kugusa, kupangusa na kutelezesha. Tunayashughulikia sasa kwa sababu vitufe vya simu, ambavyo zamani vilishikika kwa mkono, vingi vimekuwa picha juu ya kioo, na waandishi wa maelezo ya Kiswahili bado hawajakubaliana waseme nini.

Suala hili tulikutana nalo Lukuledi, wilayani Masasi, wakati wa msimu wa korosho. Tulionyeshwa karatasi iliyokuwa imegawiwa wakulima, yenye maelezo ya namna ya kupokea na kutoa fedha kwa simu. Mstari mmoja ulisema: "Bonyeza kitufe cha kijani." Mzee mmoja alikuwa na simu ya kioo aliyonunuliwa na mwanawe. Aliweka kidole juu ya duara la kijani, akalikandamiza kwa nguvu na kushikilia. Badala ya kuendelea, simu ikamletea orodha nyingine ambayo hakuiomba. Akarudia kwa kidole gumba, ikawa vile vile. Hatimaye akamgeukia mjukuu wake akauliza, "Mbona hakibonyei?" Mjukuu akajibu, "Usibonyeze, babu. Gusa tu, halafu uachie."

Yatupasa tukiri kwamba mzee yule hakufanya kosa lolote. Alifuata kitenzi alichopewa, na kitenzi ndicho kilichompotosha. Fedha alizokuwa akizitafuta zilikuwa jasho la mwaka mzima, na katika jambo la namna hiyo mtu asiyeelewa maelezo hulazimika kumkabidhi mwingine simu yake pamoja na namba yake ya siri. Kwa hiyo uteuzi wa neno hapa si jambo la mapambo.

2. Kabla ya kitufe

Msomaji asidhani kwamba Masasi na Newala ni mahali pa pembeni katika historia ya lugha yetu. Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kilitoka mwaka 1870, ndiye aliyewaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja mpaka Masasi mwaka 1876. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu ya kunasa sauti na kamera ya kupiga picha za sinema. Mitambo ya namna hiyo ya wakati ule iliendeshwa kwa kuzungusha mpini. Simu za kwanza nazo zilizungushwa mpini, na zilizofuata zilikuwa na kisahani chenye matundu ambacho mtu alikizungusha kwa kidole, tarakimu moja baada ya nyingine. Kitenzi kuzungusha kilisema kweli katika hali zote hizo, kwa kuwa mkono ulizunguka hasa.

Pamoja na hicho kulikuwa na maneno ya namna ya pili. Neno simu lenyewe lilitoka katika Kiajemi, na maana yake ilikuwa waya. Leo mkulima anatembea na simu isiyo na waya wowote, wala hakuna anayeshangaa kuiita simu. Tunasema kupiga simu, ingawa hakuna kinachopigwa. Tunawasha na kuzima simu kwa vitenzi tulivyovichukua katika moto na kibatari.

Hapa ndipo tunapoona tofauti ambayo hoja yetu yote inaitegemea. Kupiga simu, kuwasha na kuzima ni maneno yanayotaja kazi nzima na matokeo yake. Hayasemi kidole kifanye nini, kwa hiyo umbo la chombo likibadilika hayadhuriki. Lakini kuzungusha ni neno linaloamuru kiungo cha mwili. Kisahani kilipoondoka, neno hilo nalo liliondoka katika maelezo ya simu, na ilikuwa haki liondoke.

3. Zama za kitufe

Simu za kubonyeza zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1963 zikiwa na vitufe kumi. Mwaka 1968 viliongezwa viwili, na mpango huo wa vitufe kumi na viwili ndio uliotufikia. Alama hizo mbili za nyongeza zilipata majina mazuri ya Kiswahili bila ya kikao chochote cha istilahi: ya kwanza ikawa nyota, na ya pili reli, kwa kuwa inafanana na vyuma vya njia ya gari moshi vilivyolazwa juu ya mataruma. Watu wa upande wa Masasi na Nachingwea wana sababu ya pekee ya kulikumbuka neno hili. Reli ya Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya Mradi wa Karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, ilifika hadi Nachingwea, kisha ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Reli ya ardhini haipo tena, lakini iliyo kwenye simu hutajwa kila siku.

Ama kuhusu kitufe, neno hili ni udogo wa tufe, yaani kitu cha mviringo. Lilifaa kuliko kifungo, ambalo tayari lilikuwa na kazi ya nguo na ya gereza, na ambalo kwa asili yake lina maana ya kufunga. Kitufe hakifungi kitu, kinasukumwa tu. Watu wengi bado husema batani, nalo linaeleweka.

Kitenzi kilichoambatana na kitufe ni kubonyeza, na yafaa tukichambue. Mzizi wake ni kubonyea, yaani kuingia ndani kwa sababu ya kukandamizwa. Embe bivu hubonyea. Embe bichi halibonyei. Kubonyeza basi ni kukifanya kitu kibonyee, na ndiyo maana mchuuzi wa maembe humkataza mnunuzi asiyabonyeze. Kubofya nako kuna asili ya jirani, ya kujaribu kwa vidole kitu kilicho laini. Vitenzi vyote viwili vinadai kwamba kitu kinachoguswa kikubali kuingia. Kwa simu yenye vitufe madai hayo yalikuwa ya kweli kabisa: kitufe kiliingia, kidole kikahisi, mtu akajua kwamba amri imepokewa.

Simu za mkononi zilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 1994, kisha zikaenea mikoani katika miaka ya 2000. Mwaka 2003 ilitoka Nokia 1100, simu iliyokuwa na vitufe vilivyokingwa na vumbi pamoja na taa ndogo ya tochi. Simu za aina hiyo ndizo zilizopewa majina ya kitochi na kiswaswadu. Kisha M-Pesa ilipoanza nchini mwezi wa Aprili 2008, maelezo yake yalikuwa ya kupiga nyota, tarakimu na reli, halafu kubonyeza 1 au 2. Mtu alijifunza njia hiyo kwa vidole kama anavyojifunza kusuka ukili. Katika kitufe cha 5 kuna kinundu kidogo, nacho humwezesha hata asiyeona kujua kidole chake kiko wapi.

Wakati huo huo kompyuta zilikuwa zikitafsiriwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyokuwa kwa Kiswahili. Katika tafsiri za miaka hiyo na zilizofuata, bofya ndilo neno lililoenea kwa tendo la kipanya. Halikuwa kosa, kwani kitufe cha kipanya nacho hubonyea.

4. Zama za kioo

Simu ya kwanza ya kioo cha kugusa iliyouzwa madukani ni Simon ya kampuni ya IBM, ya mwaka 1994. Hata hivyo mageuzi yenyewe yalianza mwaka 2007 ilipotoka iPhone, iliyobakiza kitufe kimoja tu usoni. Mwaka 2016 kitufe hicho katika iPhone 7 kilifanywa kuwa sehemu isiyoingia ndani hata kidogo: mota ndogo hutikisika ili kidole kidhani kwamba kimebonyeza. Mwaka 2017, katika iPhone X, hata hicho kiliondolewa.

Watumiaji wa Kiswahili hawakungoja. Waliita chombo kipya simu ya kupangusa, kwa sababu mwenye nayo huonekana kama anayefuta vumbi. Uso wake wanauita kioo, na katika maandishi rasmi tunauita kiwambo, neno linalotokana na kuwamba ngozi juu ya ngoma, kazi ambayo Wamakonde hawahitaji kufundishwa. Twaona kwamba jina la mtaani na jina rasmi yote mawili yalitazama kitu chenyewe. Vitenzi vya maelezo ndivyo vilivyobaki nyuma.

Kioo cha simu hakipimi nguvu ya mkono. Kinahisi mabadiliko madogo ya umeme yanayoletwa na ngozi ya binadamu. Kidole kikavu sana au kilichosugua huenda kisihisiwe vizuri. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi ya vidole vya wabanguaji, na mkulima anayepuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga hurudi nyumbani akiwa na vumbi mpaka kwenye kucha. Anaposhindwa kupata jibu, hufanya lile ambalo kitenzi bonyeza kinamshauri: huongeza nguvu na kushikilia. Kumbe katika simu za kioo kushikilia ni amri nyingine kabisa. Hivyo ndivyo neno moja linavyobeba matendo mawili, na mtumiaji ndiye anayelipia.

Tatizo la kuondoa vitufe halikuwapata wakulima peke yao. Mwaka 2017 manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakafa. Uchunguzi uliitaja mitambo ya kuongoza meli kwa kioo cha kugusa kuwa miongoni mwa sababu, na jeshi hilo likaamua kurudisha viwiko vya kushikwa kwa mkono. Huko Ulaya, shirika la Euro NCAP linalopima usalama wa magari limeweka kanuni kuanzia mwaka 2026 kwamba gari linalotaka alama za juu liwe na vidhibiti vya kushikika kwa kazi kama honi na taa za kugeuka.

5. Mapendekezo

Kwanza, neno kitufe libaki, ama kina mwili ama ni picha. Ni jina, na majina huvumilia mabadiliko ya umbo, kama simu ilivyoupoteza waya wake.

Pili, vitenzi vitenganishwe. Kubonyeza kutumike kwa kitufe kinachobonyea. Kwa picha iliyo juu ya kioo tuseme gusa. Ikihitajika kushikilia, tuseme gusa na ushikilie. Na kwa kusogeza kidole tuseme telezesha. Bofya ibaki kwa kipanya.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba bofya na bonyeza zimekwisha kuzoeleka katika simu zote. Ni kweli, na vijana hawapotei, kwa sababu wao hawasomi maelezo. Maelezo huandikwa kwa ajili ya yule asiyejua. Wengine watasema gusa ni neno dhaifu, tena watoto wetu tumewalea kwa kuwaambia "usiguse". Sisi twaona kwamba udhaifu huo ndio unaotakiwa: kioo kinataka mguso mwepesi, na neno lenyewe lamwonya mtu asitie nguvu.

Tatu, karatasi za maelezo zinazopelekwa vijijini ziwe na sehemu mbili, moja kwa mwenye kiswaswadu na nyingine kwa mwenye simu ya kioo, maana nyumba moja huweza kuwa nazo zote mbili.

Tunawaomba wasomaji watuletee maneno yanayotumika kwao kwa matendo haya, wataje na mahali walipoyasikia. Pale Lukuledi, kabla ya kuondoka, tulifuta neno moja katika karatasi ya mzee yule na kuandika jingine juu yake kwa kalamu. Mjukuu alimsomea mstari upya. Mzee akapangusa kidole kwenye kanzu yake, akagusa, akaachia.