Udhibiti wa Vimelea vya Samaki wa Mabwawani kwa Njia Rafiki kwa Mazingira

Ufugaji wa perege na kambare katika mabwawa ya kuchimbwa unaweza kumwongezea kipato mkulima wa korosho na ufuta wa Ruangwa na Nachingwea. Hata hivyo, vimelea huweza kudhoofisha bwawa zima kabla mfugaji hajabaini. Samaki hujikwaruza kwenye kingo, huacha kula na hupanda juu kutafuta hewa kwa sababu matamvua yameshambuliwa.

Kishawishi cha kwanza ni kumwaga dawa. Viuatilifu vya mikorosho havikutengenezwa kwa ajili ya bwawa. Huweza kuua samaki na kubaki katika minofu inayoliwa. Kemikali ya kijani ya malakaiti, iliyotumika duniani kwa miaka mingi, imepigwa marufuku kwa samaki wa chakula katika Umoja wa Ulaya na Marekani.

Njia salama huanza kwa kufahamu maisha ya kimelea chenyewe. Kile cha madoa meupe, Ichthyophthirius multifiliis, hujificha chini ya ngozi ya samaki, mahali ambapo dawa ya majini haikifikii. Kikikomaa hudondoka, hujifungia kwenye tope na kutoa mamia ya watoto, ambao hufa ndani ya siku chache wasipompata samaki. Kwa hiyo tiba ya mara moja haitoshi. Na bwawa lililovunwa, likakaushwa hadi tope lipasuke na kunyunyiziwa chokaa, hukata mzunguko huo bila sumu ya kudumu. Lindi ina msimu mmoja wa mvua, hivyo kiangazi hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila gharama.

Vifaranga wapya, hata wakitoka katika kituo kinachoaminika kama cha Nyengedi mkoani Lindi, watengwe kwanza. Chumvi ya kawaida huondoa vimelea vingi vya nje: gramu 200 katika ndoo ya lita 20, kwa muda usiozidi dakika 30, mfugaji akiwa amesimama hapo hapo. Samaki akilala ubavu, arudishwe mara moja kwenye maji safi.

Baadhi ya minyoo hupitia kwa konokono, kisha samaki, kisha ndege wala samaki. Kufyeka majani ya kingoni na kutanda wavu juu ya bwawa hukatiza safari hiyo. Nchini Norwei, wafugaji wa salmoni hutumia hata samaki wadogo wanaokula chawa wa wenzao. Mbinu hiyo ni ya bahari baridi na haihamishiki Ruangwa.

Mfugaji anayeona dalili amwarifu afisa uvuvi wa halmashauri. Sampuli inayofaa ni samaki aliye hai, ndani ya maji ya bwawa lake, kwa kuwa vimelea vingi vya nje humwacha samaki muda mfupi baada ya kufa.