Kutoka Wembley hadi Korem: Historia ya Matamasha ya Hisani

Tamasha la hisani, yaani onyesho ambalo wanamuziki mashuhuri hupanda jukwaani bila malipo ili mapato yawafikie watu waliopatwa na maafa, lilipata sura yake ya kimataifa tarehe 1 Agosti 1971 katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, pale George Harrison, aliyekuwa mmoja wa wanamuziki wa Beatles, alipoitikia ombi la mwalimu wake wa ala ya sitar, Ravi Shankar, la kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh. Nchi hiyo, iliyokuwa ikijulikana kama Pakistan ya Mashariki, ilikuwa imepigwa na kimbunga cha Novemba 1970 kilichoua watu wasiopungua laki tatu, kisha vita vilivyoanza Machi 1971 vikawasukuma mamilioni kuvuka mpaka na kuingia India. Maonyesho mawili ya siku ile yalihudhuriwa na watu wapatao 40,000, na viingilio vikatoa dola 243,418 zilizokabidhiwa UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto. Fedha nyingi zaidi zilitokana na mauzo ya santuri na filamu, na hapo ndipo mambo yalipokwama, kwani waandaaji hawakuwa wamelisajili tamasha kama shughuli ya hisani kabla halijafanyika, mamlaka ya kodi ya Marekani ikadai chake, na mamilioni ya dola yakazuiwa kwa miaka wakati waliokusudiwa walikuwa wameshazikwa au wamesharudi makwao.

Kasoro hiyo ilikuwa ya makaratasi, na makaratasi hurekebishika. Iliyojitokeza Ethiopia miaka 13 baadaye ilikuwa ya namna nyingine kabisa.

Tarehe 23 Oktoba 1984, BBC ilirusha taarifa ya mwandishi Michael Buerk kutoka Korem, mji wa nyanda za juu kaskazini mwa Ethiopia, ikiwa na picha zilizopigwa na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha kampuni yake ya Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963. Kamera yake ilipita taratibu katika baridi ya alfajiri, juu ya maelfu ya watu waliojikunyata ndani ya shuka, na kando yao maiti zilizoviringishwa vitambaa na kulazwa kwa safu. Mwezi uliofuata Bob Geldof na Midge Ure waliwakusanya wanamuziki wa Uingereza chini ya jina la Band Aid kurekodi wimbo wa kuchangisha fedha, na usiku wa tarehe 28 Januari 1985 wenzao wa Marekani wakarekodi wa kwao, We Are the World, mjini Los Angeles.

Katika usiku huo wa Los Angeles limo tukio dogo ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita hivi hivi. Stevie Wonder alipendekeza maneno ya Kiswahili yaingizwe katika wimbo, ubishi ukazuka studioni, mwimbaji wa muziki wa kantri Waylon Jennings akajiondokea, na wazo likaachwa baada ya kukumbushwa kwamba Waethiopia hawasemi Kiswahili. Nia ya Wonder haikuwa na doa, lakini pendekezo lenyewe linaonyesha jinsi Afrika ilivyokuwa imekunjwa ikawa kama kijiji kimoja chenye lugha moja na shida moja, na shida hiyo ikapewa jina la ukame.

Ukame ulikuwepo kweli. Hata hivyo mchumi Amartya Sen alikuwa ameshaonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1981 kwamba watu hufa njaa si lazima kwa sababu chakula hakipo, bali kwa sababu wamepoteza uwezo wa kukipata, na Ethiopia ilithibitisha hoja hiyo kwa namna ya kutisha. Derg, yaani baraza la wanajeshi lililotawala chini ya Mengistu Haile Mariam, lilikuwa vitani na wapiganaji wa majimbo ya kaskazini ya Tigray na Eritrea, na kama mtafiti Alex de Waal alivyoeleza kwa kirefu mwaka 1991, majeshi yake yalishambulia masoko kwa mabomu, yalizuia wakulima kusafiri kutafuta vibarua na nafaka, na yaliziba njia za msaada kuelekea maeneo ya waasi. Njaa ilikuwa silaha. Hilo halikuelezwa jukwaani, na ni vigumu kuona lingeelezwaje katikati ya magitaa.

Live Aid, tamasha lililofanyika tarehe 13 Julai 1985 kwa wakati mmoja katika uwanja wa Wembley jijini London na uwanja wa John F. Kennedy mjini Philadelphia, lilikusanya kiasi kinachokadiriwa kupita dola milioni 100. Fedha hizo zilinunua nafaka, dawa na malori, na kuna watu wenye wajukuu leo ambao wasingekuwa hai bila magunia hayo, jambo ambalo wakosoaji wa matamasha huliruka haraka mno. Madai kwamba fedha za Live Aid ziliishia katika ununuzi wa silaha, yaliyosambaa baada ya kipindi cha BBC cha mwaka 2010, hayakusimama, na shirika hilo liliomba radhi mwaka huo huo.

Lawama yenye uzito zaidi ni nyingine. Serikali ya Mengistu ilikuwa ikiwahamisha watu wapatao laki sita kutoka kaskazini kwenda kusini-magharibi, wengi wao kwa nguvu, na vituo vya kugawia chakula vikageuka chambo, kwa kuwa aliyekwenda kupanga foleni ya unga aliweza kujikuta amepakiwa lorini. Makadirio ya waliokufa katika uhamisho huo huanzia makumi ya maelfu. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilipopaza sauti lilifukuzwa nchini Desemba 1985, ilhali mashirika mengi yaliendelea na kazi yakiwa kimya, na ukimya huo ulikuwa mwepesi kwa sababu fedha zilikuwa nyingi na wachangiaji walitaka kuona zinatumika.

Geldof mwenyewe, mmoja wa waandaaji wa Live Aid, alionekana kuitambua mipaka ya bakuli la michango. Live 8, matamasha ya tarehe 2 Julai 2005, hayakuomba fedha bali yaliwabana viongozi wa mataifa manane tajiri waliokuwa wakielekea mkutano wa Gleneagles, Scotland, yakidai misaada zaidi, biashara ya haki na msamaha wa madeni, yaani kufutwa kwa mikopo ambayo nchi maskini zilishindwa kuibeba. Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi 18 za kwanza kunufaika na msamaha huo, na Kenya haikuwamo. Lakini mawaziri wa fedha walikuwa wameafikiana kuhusu madeni hayo tarehe 11 Juni, wiki tatu kabla gitaa la kwanza halijapigwa, baada ya miaka ya kampeni za makanisa na vyama vya kiraia. Ahadi ya kuiongezea Afrika dola bilioni 25 za misaada kwa mwaka ifikapo 2010 haikutimia, na jumuiya ya OECD inayofuatilia misaada ilikadiria kwamba Afrika ingepata takriban bilioni 12 tu. Tena wasanii wengi wa Kiafrika walitengewa jukwaa lao huko Cornwall, mbali na bustani ya Hyde Park jijini London walikoelekezwa watazamaji wa dunia.

Mwaka huo huo wa 2005 Ethiopia ilianzisha mpango wa hifadhi ya jamii unaowalipa wakulima maskini fedha au chakula kila mwaka, mvua ikinyesha isinyeshe, kwa kazi kama kujenga matuta ya kuzuia mmomonyoko. Ukame mkali wa mwaka 2015 haukuzaa vifo kama vya 1984. Kisha, Novemba 2020, vita vilizuka Tigray, barabara zikafungwa, mazao na mifugo vikaporwa, na kufikia Juni 2021 watu zaidi ya 350,000 wa eneo hilo walikuwa katika daraja la juu kabisa la njaa kwa vipimo vinavyotumiwa na Umoja wa Mataifa.