Uvira, Mto Uingiao na Mto Utokao

Mtu wa Kimanga, mtaa wa mji wetu, atakaye kuwa mgeni katika Uvira kwa siku moja hana haja ya kufunga mzigo wala ya kuaga jirani. Sharti lake ni moja tu, nalo ni kuamka mapema, maana jua la kwetu huchomoza upande wa Burundi likatanda juu ya maji, kisha huzama kabla ya wakati wake nyuma ya milima ya Mitumba, na mji uliobanwa kati ya mlima na ziwa hauna jioni ndefu ya kumngojea mvivu. Alfajiri, ufukweni, atawakuta wavuvi wakirejea na taa zao, na kina mama wakigombea bei ya ndagala na mukeke kwa maneno ambayo mengine hayafai kuandikwa hapa.

Kutoka hapo mimi humshauri aelekee kaskazini, Kavimvira, penye mpaka, si mbali na mahali mto Ruzizi uingiapo katika ziwa Tanganyika, mradi asiukaribie ukingo kwa ujasiri mwingi, kwa kuwa viboko na mamba wa huko hawabagui mgeni na mwenyeji. Mto wenyewe, kwa maji yake ya rangi ya udongo, hauna uzuri wa kumfanya mtu avuke bahari. Walakini watu walivuka bahari kwa ajili yake. Katika karne ya 19 wataalamu wa Ulaya walikuwa wakizozana juu ya chimbuko la Nili, na lau Ruzizi ungalionekana unatoka Tanganyika kwenda kaskazini, yamkini ziwa letu lingalihesabiwa kuwa mama wa mto ule mashuhuri.

Wasafiri Richard Burton na John Speke walifika Uvira tarehe 26 Aprili 1858 kwa mitumbwi iliyotoka Ujiji, wakakuta kituo cha mwisho cha wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili upande huu, soko la pembe, la chuma, la nguo za magome ya miti na, tusilifiche, la watumwa. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi, hata kusema kulimpa taabu. Wana watatu wa mtawala wa hapo walipokuja kuwazuru, waliulizwa habari za mto, wakajibu pasipo kusita kwamba waingia ziwani, na waliohudhuria wakathibitisha. Tumaini la Burton likavunjika papo hapo. Wapiga makasia nao, kwa kuwahofu watu wa kaskazini, walikataa katakata kuendelea, basi wasafiri wale wakageuza njia bila kuuona mdomo wa mto waliouendea kwa mashaka ya miezi mingi, ilhali leo mtu wa Kimanga huukaribia kwa pikipiki kabla chai yake haijashuka tumboni.

Jibu la vijana wale halikuwatosha wataalamu wa Ulaya. Ilibidi miaka 13 ipite, David Livingstone na Henry Morton Stanley watoke Ujiji mwezi wa Novemba 1871, wauone mkondo kwa macho yao, ndipo hoja ikatulia. Huko Mugere, kusini ya Bujumbura, limesimama jiwe la ukumbusho wa kupita kwao. Sina ugomvi na jiwe lile. Naona haya kidogo tu kwamba wengi wetu twayajua majina mawili yaliyochongwa juu yake, wala hatukumbuki kuwa jawabu lilikwisha tolewa Uvira, tena bure.

Anayetaka kuendelea mbele katika bonde la Ruzizi atafika Kiliba, penye kiwanda cha sukari kilichonyamazishwa na vita vya 1996. Mimi sikai sana hapo. Afadhali mtu asimame kidogo aufikiri mto wenyewe, ambao kwa umri wa dunia ni mtoto: Ziwa Kivu lilikuwa likimwaga maji yake kaskazini hata volkano za Virunga zilipoiziba njia hiyo, na kama miaka 10,000 hivi iliyopita likafurika kusini, Ruzizi ukazaliwa.

Adhuhuri ikipita, na ageuke kwenda kusini hadi Kalundu, bandari ya mji. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia majumbani mwa watu wa huko, na miaka minne kabla yake, usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulishuka kutoka milimani kwa ghadhabu ukaua makumi ya watu. Hivyo wakaazi wa Uvira hupigwa na maji kwa nyuma na kwa mbele. Hapo ndipo nilipotambua kwamba wasafiri wa kale, pamoja na bidii yao yote, walituulizia mto usio wetu. Mto utuhusuo ni ule utokao. Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni Lukuga, huko Kalemie. Msafiri Verney Lovett Cameron aliufikia mwaka 1874. Stanley alipopita mwaka 1876 aliukuta umezibwa kwa matete na mchanga. Ziwa likazidi kujaa hata kizuizi kikabomoka yapata mwaka 1878, na Edward Hore, mmisionari wa Kiingereza, mwaka 1879 akayaona maji yakitoka kwa nguvu. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kadiri ya mita 10. Mtu akisimama Kalundu akapima kwa jicho kimo hicho, ataona kuwa sehemu kubwa ya mitaa yetu ya chini, ambayo twaihesabu nchi kavu tangu asili, katika siku zile ilikuwa makao ya samaki. Sisemi haya kumfariji aliyebomokewa nyumba. Nasema ili anayejenga leo ajue anajenga wapi.

Mashua za Baraka na Kalemie zilikuwa zikipakia nilipofika gatini, na nahodha mmoja, mzee mwenye subira, alinitajia nauli mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza sikuiamini. Kiangazi kijacho, inshallah, nitapanda chombo chake nikautazame Lukuga.