Tarehe ya Elijah Masinde, kama Isimuliwavyo Navakholo

Sisi Abanyala wa Navakholo, tuitwao watu wa Ndombi kwa jina la chifu wetu mashuhuri Ndombi wa Namusia, asili yetu ni pande za Busia, tulikotoka tukiongozwa na Mukhamba. Na nasaba hiyo haina mzozo. Lenye mzozo ni habari ya jirani yetu wa ng'ambo ya Nzoia, Elijah Masinde wa Kimilili, ambaye hata leo wako wamwitao mwendawazimu.

Masinde alikuwa mchezaji hodari wa kandanda na muumini wa misheni ya Friends, wakafarakana alipooa mke wa pili. Ndipo akaanzisha Dini ya Msambwa, akiwahimiza watu warejee kwa Wele, Mungu wao wa jadi, na mizimu ya wazee, na Waingereza warudi kwao. Alifungwa mwaka 1944, kisha 1945 akatiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Basi ni mwendawazimu gani huyo ambaye, alipoachiliwa 1947, aliwaongoza maelfu ya watu mwezi wa Septemba hadi ngome ya Chetambe, wakachinja kondoo kwa ajili ya wafu wao?

Na Chetambe si mahali pa kupita kimya. Mwaka 1895 Hobley, mtawala wa Kiingereza, aliwavamia Wabukusu, watu wa Masinde, kwanza Lumboka, kisha hapo, akiwa na askari wa Kisudani na Waganda na watu wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Na wazee husema Mumia aliitamani vita ile apate kutawala nchi isiyokuwa yake, nami nawasadiki.

Turejee kwa Masinde. Baada ya kusanyiko lile la Chetambe, hati ya kumkamata ilipotoka, alijificha, akasitiriwa na waumini wake pande za mlima Elgon, watu waliohesabiwa na serikali kuwa waasi, nao wakiwindwa kama yeye. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwapiga risasi waumini waliokusanyika Malakisi, wakafa 11. Kisha dini ikapigwa marufuku. Masinde akakamatwa, akahamishiwa Lamu. Lakini dini haikuzimika: Mpokot Lukas Pkiech, aliyeihubiri dini hiyo hiyo, aliuawa katika mapigano na serikali huko Kolloa, Baringo, mwaka 1950.

Masinde alikaa uhamishoni zaidi ya miaka kumi. Dini ikaruhusiwa 1964, ikakatazwa tena 1968, na safari hii na serikali ya Wakenya wenyewe. Alifariki 1987, na akili yake ilikuwa timamu tangu mwanzo.